Maji ya Bahari kwa Mama

Jumapili, 3 Novemba. Hibberdene, pwani ya Afrika Kusini.
Mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke kwetu Mokhotlong, milimani Lesotho. Niliaga naenda miezi mitatu.

Siku sita nabeba matofali. Ya saba ni yangu. MaCele, mwenye nyumba wetu, amepika kuku na maharage. Mimi barazani, kwenye kiti cha marehemu mumewe, miguu juu ya ukuta, bahari mbele yangu. Kiti kina sheria: ukikosa chakula cha Jumapili moja, kinakwenda kwa mwingine. Mwingine ni Bhekani, mpangaji mwenzangu, mchomeleaji vyuma. Ananitazama kama fisi anavyomtazama ng'ombe mgonjwa.

Saa kumi dada yangu Nthabeleng akapiga simu. Mama ameacha kula. Anataka maji ya bahari. Sisi watu wa milimani tunaamini yanasafisha tumbo na mikosi. Yachotwe kwa mkono wangu, niyapeleke mwenyewe. Nikasema sawa. Nikakitazama kiti. Bhekani naye alikuwa anakitazama.

Jumatano, 6 Novemba.
Mpango! Maji yaende, mimi nibaki. Nimechota alfajiri. Mwaka mzima hapa na bado naiogopa bahari. Nilisimama maji yakinifika kifundoni, nikaiomba ruhusa kwa heshima zote. Ikachukua kandambili moja. Bhekani akauliza kama nachota maji au naosha miguu. Chupa ya lita mbili nimempa Ntate Khotso, yaani Mzee Khotso, dereva wa lori wa kwetu, anayepita hapa kila Jumatano.

Ijumaa, 8 Novemba.
Chupa imefika. Mama ameuliza mwenye mkono yuko wapi. Hafungui mpaka nifike. Nthabeleng anasema nije Jumapili hii. Jumapili! Nimewaza kutwa nzima, nikajiangushia tofali mguuni.

Jumamosi, 9 Novemba.
Mpango wa pili. Mgonjwa hasafiri. Nimejifunga blanketi hadi kidevuni, kitambaa kibichi kwenye paji la uso, MaCele akanipiga picha kwa simu. Hakupenda. "Mwanangu," akaniambia, "ugonjwa hauitwi kwa mzaha. Unasikia." Picha imekwenda. Nthabeleng amejibu neno moja tu: pole. Nilijiona mbaya. Kisha nikalala vizuri.

Jumapili, 10 Novemba.
Kiti. Kuku. Upepo. Bhekani amekula amesimama. Sijawahi kuwa na Jumapili nzuri kama hii. Sikupiga simu nyumbani. Mgonjwa hazungumzi sana.

Jumatano, 13 Novemba.
Ntate Khotso amepita. Amenipa kifurushi kilichofungwa kwa kilemba cha Mama. Ndani, chupa yangu. Haijafunguliwa.

"Mama yako ameiona picha," akasema. "Anasema maji ni machache, unywe wewe kwanza. Yeye atasubiri."

Safari ya siku nzima, kumletea maji ya bahari mtu anayelala hatua arobaini kutoka baharini. Na Ntate Khotso aliagizwa ashuhudie nikinywa. Nikanywa nusu chupa pale pale kando ya lori, nikamshukuru. Nimetapika mpaka jioni. Sasa naumwa kweli.

Alhamisi, 14 Novemba.
Leo ningempigia Mama. Nilikuwa bado napanga niseme nini. Nthabeleng akanitangulia. Mama amefariki alfajiri. Jana usiku aliuliza kama nimepata nafuu.

Nikasema nimepata.

"Kamwambie kaburini," akasema Nthabeleng, akakata simu.

MaCele ameniletea uji. Bhekani amenishika mkono, akanikalisha kitini yeye mwenyewe. Si Jumapili, wala hakuna aliyetaja sheria. Tumekaa mpaka giza.

Jumapili, 17 Novemba.
Mazishi ni Jumamosi ijayo. Nthabeleng amepiga tena, anataka nije leo hii. Kuna ng'ombe wa kuchinja na kaburi la kuchimba, na Mama hana mtoto mwingine wa kiume. Nimeiwazia sana hoja hiyo. Wanaume kijijini ni wengi, na wengine ni wachimbaji hodari kunishinda. Kule hakuna tena wa kuniuliza kwa nini nimechelewa.

Kwa hiyo nitaondoka Ijumaa baada ya kazi, nisafiri usiku kucha, nifike alfajiri, nitupe udongo wangu. Tatizo ni nywele. Kwetu wafiwa hunyolewa vichwa siku inayofuata mazishi, yaani Jumapili asubuhi, wote pamoja, wakubwa kwa wadogo. Nimepata mpango. Nitanyolewa huku huku Ijumaa jioni, kabla ya basi; kinyozi yupo karibu na kituo cha mabasi. Nifike nikiwa tayari. Upara ni upara.

Nimemwambia MaCele asipunguze maharage ya Jumapili ijayo. Amechukua sahani yangu, akaenda kuiosha.

Nitarudi Jumapili, saa saba mchana. Nikichelewa sana, saa nane.