Pingamizi Dhidi ya Mfumo Mpya na Mshale Usiosalimia

Maretadu, Mbulu

Kwa Ndugu Mtaalamu wa Kompyuta,
(ambaye pia ni mwanangu Doris),
Jorodom, Katesh.

YAH: KUKATAA MFUMO MPYA WA KOMPYUTA

Ndugu Mtaalamu,

Marahaba. Nimeitanguliza mwenyewe kwa sababu shikamoo yako sijaipata, na habari hiyo utaisoma huko chini.

Nimepokea ujumbe wako kwamba mfumo wa kompyuta yetu umezeeka, waliouunda hawaulindi tena, na unataka kutuwekea mpya ukiwa hukohuko Katesh, bila kutusumbua. Mimi kama katibu wa kigango, ninayechapa matangazo ya Jumapili kwa kompyuta hiyo, na kama mwenye sebule inamokaa, napinga kwa heshima zote:

1. Kompyuta haiumwi. Inachelewa kuwaka, ni kweli, lakini mimi huiwasha kisha nakwenda kukamua ng'ombe, na nikirudi nakuta iko tayari. Hatujawahi kugombana.

2. Kila asubuhi inaniuliza kama niweke mfumo mpya sasa au baadaye. Nabonyeza baadaye. Wewe umekulia hapa, unajua mtu mzima akimwambia mgeni baadaye maana yake ni hapana, ila hataki kumvunjia heshima. Hata waliokuja kumposa shangazi yako Letisia waliambiwa baadaye, wakaelewa, wakaenda kuoa kijiji cha Bashay. Kompyuta haielewi. Kesho yake imerudi na swali lilelile.

3. Nasikia mfumo mpya umehamisha kitufe cha kuanzia kutoka pembeni hadi katikati. Mkono wangu umezoea kwenda pembeni wenyewe. Mtu haamki akakuta mlango wa nyumba yake umehamia jikoni, halafu akaambiwa hayo ni maboresho.

4. Mfumo huo unataka pia kunitambua uso kabla ya kunifungulia. Yaani mimi, katika nyumba niliyoijenga, nijitambulishe kwa kitu nilichokinunua kwa mazao yangu! Na baridi ya huku unaijua. Siku nikivaa kofia hadi puani, matangazo ya ndoa za watu atayachapa nani?

5. Hii ndiyo kubwa. Jumanne iliyopita uliingia ndani ya kompyuta kutoka huko. Ulikuwa umetuarifu, sikatai. Mama yako alivaa kitenge kizuri, akachemsha chai, tukakaa mbele ya skrini. Mshale ukaanza kutembea wenyewe. Tukaukaribisha. Ukafungua hiki, ukafunga kile, ukaondoka. Doris, haukusalimia! Umeingia kwa wazazi wako, umepekua kila kona, umetoka bila shikamoo na bila kugusa chai. Mama yako aliirudisha kwenye chupa, akakiosha kikombe ambacho hakuna aliyekinywea. Mimi nilikasirika. Yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu yale matope yaliyoporomoka mlimani hadi hapo Jorodom unapokaa, mawingu yakitanda upande wa Mlima Hanang mama yako husimama mlangoni hadi yatawanyike. Mshale hauwezi kumwonyesha kama wewe umekonda.

Kwa hiyo mfumo mpya hatuutaki. Nimeandika waziwazi, bila baadaye, ili hata kompyuta ielewe.

Wasalimie majirani zako, bosi wako, na huyo Gerald unayemtajataja kwenye simu kana kwamba hatusikii. Kama ana nia yoyote, mwambie tumesema baadaye. Hapa wote wazima, pamoja na yule ndama uliyemwacha mdogo, sasa anapiga watu pembe.

Ni mimi ninayepinga kwa upendo,

Renatus Tluway
Katibu wa Kigango, na Baba Yako

N.B. Juzi nilishinda kwa Mwalimu Tomaso nikiujaribu huo mfumo mpya. Ni mzuri sana. Kitufe cha katikati nakifikia bila shida, na uso wangu ulitambuliwa hata na kofia. Hoja ya kwanza hadi ya nne nimezifuta. Ila kile kifaa cha intaneti nimekichomoa, mama yako amekizika kwenye gunia la maharage, na amekataa kuniambia ni gunia gani. Mshale hauna tena pa kupitia. Itabidi uje mwenyewe tuyachambue pamoja hadi tukipate. Na huyo Gerald mje naye, magunia ni mengi.