Unywele Kwenye Taa ya Kuzamia

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wa bwawa ametuita ofisini, mimi na mwenzangu Kambare. Kiongozi wetu wa wazamiaji anastaafu. Mmoja wetu atachukua nafasi yake, na nafasi ina nyumba ya kazi. Vyumba viwili, jiko, na mlango wenye ufunguo! Miaka sita sasa mimi na mke wangu tunalala sebuleni kwa mama mkwe, nyuma ya pazia. Kila alfajiri mama mkwe anapita katikati yetu kwenda kuwasha redio.

Jaribio ni Ijumaa. Kila mtu ashuke hadi kwenye nondo zinazozuia takataka mdomoni mwa bomba kubwa, ahesabu zilizopinda, apande aseme. Kila mtu na taa yake. Kule chini ni giza hata saa sita mchana.

Kambare alinipa mkono, akanitakia heri. Mtu unayeshindana naye anakutakia heri ya nini? Nimenawa mikono mara mbili.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya majini. Mwuzaji mpole kupita kiasi. Akanionyesha taa mbili, moja ya mwanga mpana, nyingine ya mwanga mwembamba. Akasema kwenye maji ya tope nichukue ya mwembamba, kwa sababu ule mpana unagonga tope na kukurudia usoni. Nikavuka barabara hadi duka la pili. Na huko wakasema vilevile! Watu wa maduka mawili waseme neno moja? Wamepangana.

Nikarudi. Nikamkuta anairudisha ile ya mwembamba kabatini. Ahaa, anaficha! Nikaichukua hiyohiyo.

Zikaja betri za kuchaji. Jozi moja imeandikwa uwezo wa 9900, nyingine 3500. Akasema namba kubwa ile ni ya uongo, nizipime mwenyewe mkononi. Kweli zilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Lakini nani kazifanya nyepesi? Nikaaga, nikajibanza nyuma ya rafu ya viatu vya majini. Baada ya robo saa akatoa tochi yake mwenyewe kumulika stoo. Nikajitokeza. Nataka betri zilizomo humo! Mwuzaji hawezi kujiuzia kitu kibovu. Akasema hizo ni 3500 zilezile, ila za mwaka jana, na mpya ziko mezani kwa bei hiyohiyo. Kadiri alivyokataa ndivyo nilivyozitaka. Nimezipata, kwa bei ya mpya. Mimi sichezewi.

Kabla ya kunipa taa alifuta ringi ya mpira iliyo kwenye kifuniko, akaipaka grisi. Akaonya nisifungue ovyo, maana kitu chochote kikikaa juu ya ule mpira, maji yanaingia. Kwa nini hataki nifungue? Njiani nimefungua mara tatu.

Jumatano, 5 Machi

Taa imesogea! Vidole viwili kutoka nilipoiacha kabatini. Nilikuwa nimepima.

Mama mkwe amekiri bila haya. Sindano yake iliangukia chini ya kochi, akamulika. "Mtaka cha mvunguni huinama, baba," akasema, "lakini mgongo wangu haunikubalii." Jibu tayari tayari namna hiyo? Halafu nikakumbuka kwamba wiki iliyopita Kambare alimbebea mtungi wa gesi hadi jikoni. Na yeye akamwita mwanangu. Mimi miaka sita hajaniita mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako! Kambare akitaka betri zangu zibadilishwe kwa mbovu, mtu wake yuko hapa ndani, anashona.

Nimetega mtego. Unywele mmoja umelazwa juu ya ringi ya mpira, kifuniko kimefungwa, ncha imechungulia nje kidogo. Mtu akifungua, unadondoka, nami najua. Nywele sina, upara umeshafika kisogoni. Nimeuchukua kwenye kitana cha mke wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi unywele upo. Mchana nimetoroka kazini, nimekimbia nyumbani. Upo. Jioni upo. Nimevunjika moyo.

Kila mara nafungua, nakagua betri, naweka unywele mpya, maana ule wa zamani huenda wameshauzoea. Mke wangu amenikuta nimeshika kitana chake. Akauliza nakitakia nini. Nikamjibu siwezi kumwambia, ni kwa usalama wake. Akakaa kitandani.

"Mimi nataka mlango wa kufunga tu, mume wangu. Miaka sita. Tafadhali usiharibu."

Roho iliniuma. Nikamwambia ndiyo maana silali.

Kambare naye alipita na kikopo cha grisi. Ati kesho nikague mpira wa kifuniko kabla ya kushuka. Habari za mpira wangu kazijuaje?

Ijumaa, 7 Machi

Kambare alitangulia. Alipanda ametulia, akamnong'oneza msimamizi hesabu yake. Zamu yangu ikafika. Nikakagua unywele. Upo! Nikauacha palepale, ulinzi uendelee hadi majini.

Mwanzo safi. Mwanga umenyooka, tope linapisha. Nikazifikia nondo. Moja imepinda. Mbili. Ya tatu naigusa, nikaona maji yanacheza ndani ya kioo cha taa. Taa ikapepesa. Ikazima.

Giza. Sikujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Nikakumbatia nondo. Niliogopa, nasema kweli. Nilimfikiria mke wangu na lile pazia.

Ndipo mwanga ukaja. Kambare. Akanishika mkono, akanipandisha taratibu. Msimamizi anasema ndio utaratibu, aliyemaliza humngoja mwenzake kwenye kamba ya usalama. Sawa. Lakini mbona alifika upesi hivyo?

Jumamosi, 8 Machi

Nimeirudisha taa dukani, nimedai nimeuziwa mbovu. Mwuzaji akafungua, akamwaga maji, akachomoa kitu kwa kibano. Akakiweka kwenye karatasi nyeupe. Akasema taa nzima, betri pia zilikuwa nzima, ingawa ni zile za zamani za tochi yake. "Maji yamepita hapa. Unywele mmoja unatosha."

Nikamuuliza aliukuta sehemu gani. Akasema juu ya mpira, umelala vizuri kabisa.

Umelala vizuri kabisa! Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Kambare alifungua taa, akaiharibu, kisha akaurudisha unywele palepale. Ana mkono mwepesi yule. Unywele mmoja haumtoshi.

Jumapili, 9 Machi

Kambare kaja nyumbani. Amemwomba msimamizi nirudie jaribio kesho, maana kilichonishinda ni taa, si kazi. Msimamizi amekubali. Tena Kambare ameniazima taa yake ya akiba, betri mpya za 3500, mpira umefutwa na kupakwa grisi. Mama mkwe akamkaribisha kiti kizuri. Mke wangu alifuta machozi, akaenda kupima kitambaa cha pazia la dirisha la nyumba mpya.

Mtu anakuazima taa ili umshinde? Kuna jambo.

Mama mkwe alinikuta nimeipakata taa ile naisikiliza kwa sikio. Akatikisa kichwa, akautazama upara wangu. "Akili ni nywele," akasema, "kila mtu ana zake."

Zangu sina, ni kweli. Nimeazima mbili kwenye kitana cha mke wangu, nimezipishanisha juu ya mpira, nimekaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Kesho hanipati.