Jiko Liliandika E3, Nikamlaumu Mama Mkwe

Leo nimejivua nguo mbele ya mama mkwe. Si nguo za kitambaa, tulieni. Heshima.

Wanaonijua wanajua wiki yetu imekuwaje. Kwa wasiojua: mimi na Akinyi tulienda hospitali wawili tukitarajia kurudi watatu. Tulirudi wawili. Tangu Ijumaa Akinyi amelala akiangalia ukuta. Ukimuuliza kitu anaitikia kwa kichwa. Sina la kuongeza hapo.

Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Bondo na mfuko wa nguo za mtoto. Aliusukuma chini ya kitanda, akajifunga leso kiunoni, akaanza kupika. Asubuhi uji wa wimbi, jioni supu ya ngege, samaki anayemchagua mwenyewe huko ufukweni Dunga. Mimi ni mtu wa Vihiga na Kijaluo changu ni cha sokoni, kwa hivyo mimi na yeye huongea Kiswahili, kwa adabu nyingi, kila mmoja akiangalia pembeni. Mkwe na mama mkwe huku hawataniani na hawabishani. Kumbukeni hilo.

Asubuhi ya leo akaniita kutoka jikoni.

"Orwa," akasema, yaani mkwe wetu. "Hii kitu imekataa. Nimeweka uji, imelia pii, imezima. Imeandika E3."

Jiko letu ni la umeme, lile la kioo. Hatuna lingine. Gesi iliisha tukiwa hospitali, na kwenye ghorofa hii makaa hayaruhusiwi.

Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Siku nne nzima sikuwa na la kufanya isipokuwa kusimama mlangoni mwa chumba cha kulala nikiuliza, "Unataka maji?" Sasa kulikuwa na kitu kimeharibika ambacho kinaweza kutengenezwa. Na mimi ni mwalimu wa fizikia. (Tafadhali msisahau hilo pia, ingawa ningependa msahau.)

Nikatafuta maana ya E3 kwenye kitabu cha jiko. Hitilafu ya sensa ya joto. Sensa ni kitu kidogo kama punje ya dengu, kinakaa chini ya kioo, kinaliambia jiko limepata moto kiasi gani. Jiko lisipopata habari zake linajizima lisije likaunguza nyumba. Nikachomoa umeme, nikafungua skrubu, nikainua kioo. Sensa ikatoka kirahisi sana, na waya zake mbili na plagi yake. Sikuvuta chochote. Nikaona ni bahati.

Nikaipima kwa mita yangu. Mita haikuonyesha kitu. Nikapima tena. Kimya. Nikatangaza sensa imekufa.

Wakati huohuo kina mama wa kanisa wakaingia kutupa pole. Walikuwa saba, wakiongozwa na Mama Pamela, mwanamke ambaye akiomba hata majirani wanafumba macho. Wakanikuta nimepiga magoti sakafuni, jiko limepasuliwa kama kuku.

"Mwalimu, nini imeharibika?" Mama Pamela akauliza.

Ningesema "jiko" tu, ningekuwa mtu mwenye furaha sasa hivi. Badala yake nikasimama na kufundisha. Nikawaonyesha sensa. Nikaeleza joto na ukinzani wa umeme. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Utamu ukanipanda kichwani.

"Na imeharibiwa na nini?"

"Uji," nikasema. "Jana asubuhi Mama aliuacha ukafurika. Maji yakaingia ndani. Si kosa lake sana, hajazoea majiko ya kisasa."

Niliyasikia maneno yakitoka. Nilikuwa na nafasi ya kuyakohoa yakaonekana ni kikohozi. Sikuitumia.

Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Akauweka mezani polepole. Mama mmoja akaanza kusifu mapazia.

Nikachukua sensa na mita, nikapanda boda mpaka kwa fundi mmoja Kaloleni anayetengeneza redio na majiko. Kibanda kilikuwa na wateja watatu. Nikamwambia nataka sensa mpya, hii imekufa, nimeipima mwenyewe.

Fundi akaichomeka kwenye mita yake. Namba zikatokea. Akaishika kwa vidole viwili, namba zikaanza kushuka.

"Unaona?" akasema. "Inasikia joto ya kidole yangu. Iko hai."

Neno hilo lilinigonga mahali ambapo sikuwa nimejiandaa. Ilibidi niangalie barabara kidogo.

Kisha akachukua mita yangu, akaigeuzageuza. "Mzee, hii waya nyekundu umeweka kwa shimo ya kupima mkondo mkubwa. Hapo hata ukipima kijiko, itaonekana imekufa. Unafanya kazi gani?"

"Niko ofisini," nikasema.

"Mwalimu!" mama mmoja aliyesubiri pasi yake akaniita. "Kumbe ni wewe. Kijana wangu anasema fizikia yako ndiyo inamshinda."

Fundi hakucheka. Afadhali angecheka. Akaniuliza kwa upole, kama daktari, "Plagi ya sensa ulichomoa kwa bodi, ama ulikuta inaning'inia?"

Nikafikiri. "Ilikuwa inaning'inia."

"Basi shida ni hiyo tu. Nani alifungua hiyo jiko mara ya mwisho?"

(Hapa kuna jambo sijawaambia. Jana jioni, baada ya supu, Mama akiwa amekaa na Akinyi chumbani, nililifungua jiko nitoe mende waliokufia kwenye feni. Hakuna aliyeniomba. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi. Lazima niliigonga plagi.)

"Sijui," nikamwambia fundi. Hakuamini, na hakutaka malipo. Hilo liliniumiza zaidi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama kwenye geti na mkoba wake begani. Kina mama wote saba walikuwa wanamsindikiza kwenda stendi ya magari ya Bondo. Juu, dirisha la chumba chetu lilikuwa wazi.

Nilijua akipanda gari hilo Akinyi atabaki na mimi. Na mimi, kama mnavyoona, sikuwa na cha kumpa isipokuwa mita nisiyojua kuitumia.

"Mama," nikasema, nikiangalia viatu vyake. "Uji haukufanya kitu. Ni mimi. Nilifungua jiko jana, nikachomoa waya bila kujua. Nimekusingizia mbele ya watu. Nisamehe."

Pikipiki ikapita. Ikapita nyingine.

"Rudia," Mama akasema. "Mama Pamela hajasikia vizuri."

Mama Pamela alikuwa hatua moja kutoka kwangu na masikio yake hayana kasoro. Nikarudia. Safari hii mlinzi wa geti alizima redio yake.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Ilikuwa imekauka, na sikuitambua mara moja.

"Arudie tena. Mimi niko mbali."

Wote tuliinua macho. Akinyi alikuwa amesimama, ameshika chuma cha dirisha kwa mikono miwili. Hakuwa anatabasamu. Lakini alikuwa amesimama.

Nikarudia mara ya tatu, kwa sauti, na mlango wa kila jirani ukiwa wazi. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilichomoa waya, nikashindwa kutumia mita, nikamlaumu Mama. Sauti ilinikatika mwishoni, na haikuwa kwa sababu ya jiko.

Mama akanipa mkoba wake niubebe. "Twende," akasema. "Huyo mtoto wangu hajakula."

Nilirudisha sensa mahali pake. Plagi iliingia ikalia ta. Uji ulichemka kwa dakika chache. Mama alimnywesha Akinyi nusu kikombe, akakaa kitandani, akamchukua kichwa akakiweka mapajani mwake, na wote wawili wakalia kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja. Mimi nilikaa sakafuni karibu na mlango. Hakuna aliyenituma kutengeneza chochote.

Sasa hivi ni saa kumi jioni. Mkitaka kucheka, chekeni, nimestahili. Ila fanyeni kimyakimya, Akinyi amepata usingizi.