Ombi la Kupiga Marufuku Pikapu Mpya za Dizeli Kabla ya Jumamosi

Ndugu Mhariri wa gazeti la wilaya yetu,

Pole na kazi. Naandika nikiwa na akili timamu, na mke wangu LaVonne ni shahidi ingawa amekataa kutia sahihi. Jumamosi ni lazima nivute trela hadi kwenye maonyesho ya jimbo, ambako mifugo hushindanishwa, ndani yake akiwa maksai wa binti yetu Jolynn, aliyemlea mwaka mzima na kumchana manyoya kila asubuhi. LaVonne anataka tununue pikapu mpya. Mimi nina yangu ya miaka ishirini na sita, na ikinishinda nitatafuta nyingine iliyotumika, yenye adabu kama hii. Naomba pikapu mpya zipigwe marufuku jimbo zima la Nebraska, kwa sababu hizi:

1. Salamu. Huku kwetu madereva wakipishana, kila mmoja huinua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Shemeji yangu Verlin aliponunua pikapu mpya, wiki tatu hakuna aliyemwinulia. Walidhani ni mtu wa kodi. Mama yake mzazi alimpita kavu.

2. Ng'ombe wangu wakisikia pikapu yangu ikinguruma huja mbio, wanajua nyasi zimefika. Verlin alipowaletea nyasi kwa ile yake isiyosikika, walimgeuzia mgongo. Ilibidi niilete yangu, isimame pembeni na kunguruma, ndipo wakala.

3. Ikishakunywa dizeli, pikapu mpya inadai pia dawa ya kusafisha moshi. Ukiinyima, inapunguza mwendo yenyewe. Nina miaka sitini na moja, Mhariri. Mwenye ruhusa ya kuninunia ni LaVonne peke yake.

4. Kiti kinapasha makalio moto. Sitaki kulizungumzia.

Wapinzani watasema mwaka jana tulifika siku moja baada ya waamuzi kuondoka. Ni kweli, lakini pikapu haikuharibika, ilipumzika. Jolynn alilia njia nzima ya kurudi. Juzi akaniambia, "Baba, nakupenda sana, ila mwaka huu naenda na mjomba Verlin." Neno hilo limeniuma kuliko teke la fahali. Ndiyo maana naona serikali iingilie kati.

Nisalimie mkeo, wachapaji wote, na yule mama wa matangazo ya vifo.

Wako katika kudai haki,
Orville Stukel

Nyongeza: Barua hii ilikuwa ikufikie Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Pikapu ilipumzika njiani kuelekea posta, na basi la shule likanivuta, watoto wote wakishangilia dirishani, Jolynn akiwa miongoni mwao, hadi kwa muuza magari. Nimechukua mpya, nyekundu. Barua ichape vilevile, ila chini weka jina la Verlin. Jolynn aliizunguka mara mbili, akapanda mbele, akafunga mkanda, akasema, "Haya baba, Jumamosi naenda na wewe." Nikalia palepale mbele ya muuzaji.