Karanga za Mzee Stanslaus

Nasibu aliponunua shati la kaki lenye nembo ya njiwa kwenye mitumba ya Kahama, hakuwa na wazo lolote baya. Wazo baya lilikuja alipolivaa. Kabla hajavuka barabara, mama mmoja alimdaka mkono na kumuuliza kifurushi chake cha vitenge kimefia wapi.

Njiwa huyo alikuwa nembo ya Shirika la Vifurushi la Taifa, ambalo kisheria ndilo pekee lenye ruhusa ya kubeba kifurushi cha mwananchi. Ukimpa konda wa basi, umevunja sheria. Ukilipa Shirika, hujavunja sheria, ila na kifurushi hukioni. Wakubwa walieleza kwamba utaratibu huu unalinda mali za wananchi, na kweli zililindwa, hata wenyewe wasizifikie.

Nasibu alikuwa kijana wa Ngokolo, mjini Shinyanga, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni na ndoto moja tu: bajaji yake mwenyewe. Alijitazama kwenye kioo cha kinyozi akiwa na lile shati, akaiona bajaji.

Kesho yake alikuwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa Mzee Stanslaus, broka aliyenunua dhahabu kwa wachimbaji kwa mzani wenye huruma upande mmoja. Mzee alikuwa na mzigo alioutaka umfikie mpwa wake Mwanza bila kupitia soko la madini, maana sokoni kuna kodi, na kodi ilimpandisha presha. Barabarani nako askari walikuwa wakikagua hadi ndoo za maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shirika mmefuata nini huku? Mnaleta mizigo ya mwaka juzi?"

"Nijibu moja tu, mzee. Umewahi kumwona askari akifungua mfuko wa Shirika?"

Mzee alifikiri. "Sijawahi kumwona mtu yeyote akiufungua."

"Basi! Serikali haiwezi kujipekua yenyewe. Nipe, niusindikize mwenyewe mpaka Mwanza. Tutasema ni karanga."

Mtu anayeiba kwa mzani hudhani wizi wote anaujua. Mzee Stanslaus aliishona dhahabu ndani ya kipande cha mfuko wa salfeti kwa mkono wake mwenyewe, kwa uzi mwekundu wa magunia, maana sindano hiyo hata mkewe hakumwachia. Akamkabidhi Nasibu huku akimwita ng'wanawane, mwanangu.

Kazi ingekuwa imekwisha hapo, na Nasibu angekuwa kwao Ngokolo badala ya Mwanza, kama si stendi ya Kahama. Basi la Shinyanga lilikuwa limezungukwa na askari, abiria wamepangwa mstari, mabegi yamemwagwa chini. Nasibu alihisi karanga zinaongeza uzito kifuani. Nyuma askari, mbele askari, na pembeni ofisi ya Shirika, mlango wazi, haina hata nzi.

Tumwonee huruma. Tapeli hatakiwi kuamini maneno yake mwenyewe, lakini haya, kwamba Serikali haijipekui, yalikuwa matamu, na hofu ilikuwa kubwa. Aliingia, akabandika karatasi yenye jina lake na anwani ya Ngokolo, akatuma. Kisha akatoka kukaguliwa huku akipiga mluzi.

Kutoka Kahama hadi Shinyanga si mbali, soda haimalizi ubaridi. Kifurushi hakikufika. Mvua za kupandia zikaja, zikaisha. Nasibu akawa mtu wa benchi katika ofisi ya Shirika Shinyanga. Dirishani alikaa Mama Hosiana, mpole wa kupindukia, mwenye chupa moja ya chai na jibu moja.

"Kipo njiani, mwanangu."

"Njia gani, mama? Kahama ni pale tu!"

"Lazima kipite Dodoma kikasajiliwe. Ndiyo utaratibu."

Maisha yake yote Nasibu alikuwa akiwaahidi watu vitu visivyokuja. Hakuwahi kukaa upande wa pili wa ahadi. Iliuma kweli, na usingizi ulimpaa.

Asubuhi moja akavaa lile shati, akitumaini Mama Hosiana atamhurumia kama mfanyakazi mwenzake. Alipofika benchini, alimkuta Mzee Stanslaus.

"Wewe kijana!"

Nasibu aliupima mlango kwa macho. Mzee akamkumbatia.

"Pole, ng'wanawane! Mpwa wangu alisema umeniibia. Nikamwambia acha ujinga, Shirika unalijua au unalisikia? Ofisi yenu ya Mwanza wameniambia niulize huku, nimekuja kufuatilia karanga zangu."

"Nami nazifuatilia, mzee," alisema Nasibu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alisema kweli.

Lakini benchi zima lilikuwa limeliona shati. "Kumbe wewe ni wao, na siku zote unakaa na sisi!" alifoka mzee mmoja. "Dawa ya ng'ombe wangu iko wapi? Ng'ombe mwenyewe tumeshamla!" Wakamzingira. Mama Hosiana, aliyeomba msaidizi tangu mwenzake alipostaafu, akachungulia dirishani.

"Wewe ndiye waliyemtuma anisaidie ghalani?"

Kati ya benchi na ghala, Nasibu alichagua ghala. Isitoshe, karanga zilikuwa huko.

Zilikuwa huko, ila chini kabisa. Ili kuzifikia ilibidi atoe kila kilichokaa juu yake, na kila alichotoa kilipita dirishani kwa mwenyewe. Vikatoka vitenge. Ikatoka dawa ya ng'ombe. Vikatoka viatu vya harusi ya watu walioshaachana. Nje watu walipiga vigelegele, wakasema hawajawahi kuona mtumishi mwenye uchungu na kazi namna hii.

Hatimaye akauona uzi mwekundu. Alikuwa akikisogeza kifurushi chini ya shati pale sauti ilipopasuka dirishani.

"Ndicho hicho! Uzi wangu!"

Nasibu aliitazama karatasi yenye jina lake, akajua jela imefika. Haikufika. Dodoma walikuwa wamepiga muhuri juu ya jina, Mtwara wakapiga, Bukoba wakapiga, Dodoma wakarudia. Hakuna herufi iliyosalia. Uzembe ule ule uliomfilisi ulikuwa umemwokoa. Akakitoa kifurushi, machozi yakimlengalenga, na watu wakadhani ni furaha ya kazi.

Mzee Stanslaus alikibusu, kisha akamrudishia. "Nimeamini mtu. Sasa kimalizie safari. Mkononi mwa mpwa wangu, Mwanza."

Nasibu aliiona bajaji, akausikia hata muungurumo wake. Akanyoosha mikono miwili. Mkono wa Mama Hosiana ulitangulia. Alikipiga muhuri, akakitupa kwenye mfuko, na gari la Dodoma, ambalo halijawahi kuwahi, siku hiyo lilikuwa mlangoni.

"Mama!" walilia wote wawili.

"Hapa hakuna mlango wa nyuma. Ndiyo utaratibu."

"Kitafika lini?" aliuliza Nasibu.

Mama Hosiana alimtazama njiwa wa kifuani. "Unaniuliza mimi? Shirika si wewe?"

Kesho yake watu wawili waliwahi benchini kabla ofisi haijafunguliwa. Mzee Stanslaus alikuwa amenunua karanga za kukaanga, karanga za kweli. Akammiminia Nasibu kiganjani, bila mzani, nao wakaanza kungoja.