Theluji na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku kubwa. Shemeji yangu Joanita, mdogo wake mke wangu Patricia, amepiga simu kutoka Austria. Anafanya kazi katika hoteli kubwa sana huko milimani, mahali ambapo Wazungu hujifunga mbao miguuni na kuteremka mlima kwa hiari yao. Mwezi wa kwanza mwakani wafanyakazi wanaruhusiwa kuleta jamaa zao wakae bure katika nyumba moja ya hoteli. Vitanda vitano. Tiketi za ndege tutachangiana. Likizo ya familia! Kwenye theluji!

Niseme ukweli hapa, maana hakuna atakayesoma. Mimi, Bartholomew Ochwo, ni wakala wa forodha Busia, upande wa Uganda. Kila siku napitisha mizigo ya watu mpakani: matairi, viazi, mitumba, siku moja hata jeneza lenye dirisha la kioo. Mizigo inapita, wenyewe wanapita, mimi nabaki getini. Sijawahi kufika mbali kuliko Kisumu, na Kisumu nilikwenda kung'olewa jino. Nataka kwenda. Nataka sana. Nataka binti zangu, Barbara na Awor, wanione nikivuka mpaka bila faili la mtu kwapani.

Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshavuka kumweleza Osborn. Huyu naye ni wakala, upande wa Kenya, na tangu alipowapeleka watoto wake Mombasa ametundika ukutani picha yake akiwa juu ya ngamia. Nimemwambia Mombasa ni pazuri kwa wanaoanza. Alikunywa soda yake hadi mwisho. Nilifurahi mpaka saa kumi.

Saa kumi Patricia akanieleza vitanda vitano ni vya nani. Mimi, yeye, wasichana wawili, na mama yake.

Mama mkwe. Nyumba moja, paa moja.

Jumatano, 5 Novemba

Kwetu Padhola, na kwao Patricia, Samia, vilevile, mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe. Hampi mkono. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na kwa kawaida ni mimi. Tangu nimwoe Patricia, mgongo wa mama mkwe naufahamu vizuri kuliko uso wake. Ni mama mwema, sina neno naye. Ila kati yetu sharti pawe na ukuta, na huko Austria ukuta ni mmoja, wa mbao, na unatuzunguka wote.

Siwezi kumwambia Joanita amwache mama yake mzazi. Lazima mama mkwe akatae mwenyewe. Na atakataa kwa nini? Kwa sababu ya baridi. Mpango rahisi, safi, hauna lawama.

Nimenunua bonge la barafu kwa wauza samaki, nikalifunga kwenye mfuko, nikapanda boda hadi Dabani, kijijini kwa mama mkwe. Nilikaa uani kwenye kiti cha wageni, mama mkwe akiwa ndani ya jiko, mlango umerudishwa. Maneno yetu yalipitia kwa Phanuel, kaka yake Patricia, aliyekuwa akienda na kurudi baina yetu. Nilimtuma na barafu. Nilimwambia amweleze mama kwamba huko mlima mzima ni hii, ardhi ni hii, na inaanguka kichwani usiku na mchana.

Nikasikia mfuko ukifunguliwa jikoni. Nikajua imemwingia.

Phanuel akatoka akicheka. Akasema, “Shemeji, mama nasema asante sana. Ameweka kwa goti. Ile goti ya kuuma siku zote, sasa imelala kabisa. Nasema kama huko iko mlima mzima, yeye nakwenda hata kesho.”

Akaniletea na jogoo wa shukrani. Nilirudi Busia nimemkumbatia jogoo, nguo zikinuka samaki.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama mkwe nimemweka kando kwanza. Leo nimeshughulikia ujuzi. Baba wa familia hawezi kufika huko akaanguka mbele ya Wazungu.

Theluji hatuna, lakini nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga kuna lundo la pumba refu kama nyumba. Inateleza. Nilikata jerikeni la zamani vipande viwili virefu, nikavifunga kwa mpira chini ya gambuti zangu. Fimbo mbili za muhogo mikononi. Nilivaa koti la baridi nililopata kwenye marobota ya mitumba, lenye manyoya shingoni, na suruali yangu ya kanisani kwa kuwa ndiyo inayonibana vizuri. Barbara na Awor walikaa chini kupiga makofi. Wakaja na wafanyakazi wa mashine. Wakaja na wateja wa mashine.

Nilianza vizuri. Hilo nataka lieleweke. Nusu ya lundo nilikwenda nimesimama wima. Kisha mguu wa kushoto ulielekea Tororo, wa kulia ukaelekea Kenya, na suruali ikaamua kutokuwa upande wowote. Ilipasuka kuanzia mkanda hadi mkanda.

Nilipotoa pumba machoni nikamwona Osborn, simu imeinuliwa. Nani alimwita sijui. Alinisaidia kusimama, nikiri hilo, halafu akanionyesha kwenye simu hiyohiyo picha za hoteli ya Joanita. Alikuwa ameitafuta mtandaoni. Kuna kiti kinachoning'inia kwenye waya, kinapandisha watu mlimani, miguu hewani. Akasema, “Boss, cheki. Hicho kiti ni cha watu wawili. Familia yenu ni watano. Sasa wewe utabebwa pamoja na nani, si mathe wa bibi yako?”

Sikuwa nimefikiria kiti. Bega kwa bega na mama mkwe, angani, hakuna kichaka cha kuingia.

Jumapili, 9 Novemba

Osborn alituma ile video kwenye kundi la mawakala. Kutoka kundi la mawakala ikaenda kundi la wenye boda. Kutoka hapo ikafika Dabani, ikaingia kwenye simu ya Phanuel, na Phanuel, ambaye hana akili hata ya kuku, akamwonyesha mama yake kwa sauti ya juu. Patricia ameniambia baada ya misa. Mama mkwe ameiona suruali. Ameona na kilichokuwa ndani ya suruali, yaani nguo ya ndani ya bluu, mpya kiasi. Patricia anasema mama aliguna, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani, mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa analia au anacheka, Phanuel hakuweza kujua.

Aibu hii ni nzito. Nimekaa nayo mchana kutwa. Lakini kichwa changu hufanya kazi vizuri kikibanwa, na kufikia jioni nilikuwa na mpango unaotibu magonjwa mawili kwa dawa moja. Nitamtuma baba mdogo Nashon kutoka Mukuju, mzee anayejua mila zote, hasa zile zenye chakula. Ataenda Dabani kwa heshima zote kutangaza kwamba Ochwo ni mtu wa kushika mila, kwamba mtu aliyeonekana kwenye simu hakuwa mimi wa kweli, na kwamba mtu kama mimi hawezi kamwe kulala paa moja na mama mkwe wake. Hawezi kabisa, iwe Padhola au Ulaya.

Mama mkwe akisikia hivyo atajua la kufanya. Ni mwanamke wa heshima. Atajiondoa mwenyewe, na mimi nitakuwa nimerudisha suruali na kitanda kwa pamoja.

Patricia alianza kuniambia kitu wakati wa kula. Nilimwomba asubiri, nilikuwa napanga maneno ya Nashon.

Jumanne, 11 Novemba

Ushindi! Nashon amerudi kutoka Dabani akiwa amelegea kwa shibe. Ameketi ofisini kwangu na kijiti mdomoni, akanieleza yote. Alisema maneno yangu kama nilivyompangia, akaongeza na yake. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akajibu kwa sauti ya chini kwamba ameelewa, kwamba anaiheshimu sana nia ya mkwe wake, na kwamba halitafanyika jambo lolote la kumvunjia mila.

Nikamuuliza kama alionekana kuchukia. Nashon akasema hapana, alichinja mbuzi. “Mbuzi mzima, mwanangu, kwa ajili ya mjumbe wako. Ile nyama ilikuwa laini, mimi sijakula hivyo tangu Pasaka.”

Mbuzi kwa ajili ya mjumbe tu! Huo ndio uzito wa heshima yangu. Nilivuka geti nikamwambia Osborn kwamba mambo ya kiti yamekwisha. Nimeanza kufikiria rangi ya miwani ya theluji.

Jumatano, 12 Novemba

Sijui niandike vipi.

Mama mkwe amempigia Joanita. Amemwambia mkwe wake ni mtu wa mila kali, hawezi kulala naye nyumba moja, kwa hiyo asilazimishwe. Kitanda changu apewe Phanuel.

Nilimwambia Patricia kuna kosa, kwamba aliyetakiwa kubaki ni mama. Patricia aliweka mwiko chini. Akaniambia pole pole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba hakuna mahali popote duniani ambapo mkwe humwondoa mama kwenye safari ya binti zake. Anayepisha ni mkwe. Hata mimi najua hivyo. Nimeingia vichakani vya kutosha.

Kisha akaniambia lililobaki, na hili ndilo limeniuma. Yule mbuzi mama mkwe alikuwa amemnunua wiki iliyopita, baada ya ile barafu. Alisema mkwe aliyelihurumia goti lake hawezi kuachwa nje ya safari. Kwao mila ina mlango: mama akichinja mbuzi, akamkaribisha mkwe wake, wakala pamoja mbele ya watu, mwiko umekwisha. Wangelala paa moja, wangekaa kiti kimoja. Alipanga kuniita Jumapili hii. Ujumbe wangu ulipofika akaona mwenyewe sitaki mlango ufunguliwe, na mbuzi yupo, na mgeni yupo, basi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Patricia akasema, “Wewe uliniuliza? Wiki mzima uliniuliza mimi kitu? Jumapili nilifungua mdomo, ukasema ningoje.”

Nashon alikula ruhusa yangu, na mifupa akambebea mbwa wake.

Jumapili, 16 Novemba

Habari njema zimeingia. Phanuel ameikataa safari. Anaogopa ndege, na pasipoti hana. Kitanda kiko wazi. Joanita atapeleka majina hotelini kesho asubuhi.

Patricia amekaa nami baada ya chakula, kwa upole ambao sikuustahili. Anasema mama hana kinyongo. Anasema aliyefunga mlango ni mimi, basi nikaufungue kwa mdomo wangu: nichukue kuku tu, niende Dabani leo, nisimame uani niseme, mama, nisamehe, nataka kwenda nanyi. Mama amesema akilisikia neno hilo, yeye mwenyewe atampigia Joanita usiku huu. Dabani si mbali. Mwenye boda alikuwa hapo nje anafuta pikipiki yake.

Awor alikuja akaegemea goti langu. Akauliza kama nikibaki nitaweza kumwona akiteleza, akiwa mbali hivyo. Niliumia kweli, nikatoka nje kidogo.

Huko nje ndipo nikapata wazo. Kwenda mwenyewe na kuku na neno moja ni jambo la haraka mno, mtu atadhani sikufikiria. Lazima lije kwa uzito. Nimempigia baba mdogo Nashon. Ataenda Dabani kutangaza kwamba ameota ndoto, na katika ndoto hiyo wazee wa ukoo wamesema mila yetu inaishia uwanja wa ndege. Mama mkwe atafurahi, mimi sitakuwa nimeomba chochote, na heshima itabaki palepale.

Nashon anasema ataweza kufika huko Jumanne. Nimemwambia Jumanne ni sawa, asijisumbue kuharakisha.