Darubini na Fedha za Choo

Jumamosi, 5 Julai 1997
Redio imesema Wamarekani wametua Mirihi. Sikumaliza chai. Choo cha shule yetu kimetitia tangu masika, watoto wanakwenda vichakani, na bwana afya ametishia kutufungia shule. Wazazi wamechanga fedha za choo kipya. Wazo: zinunue darubini. Darubini itahitaji mwalimu wa anga, yaani mimi. Mwalimu wa anga hapewi zamu ya usafi.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba
Kamati ya shule ilikutana, sikukuu au si sikukuu. Nikatoa wazo langu. Mwalimu Hellen Akumu wa darasa la kwanza, anayenipinga hata nikisema mvua inanyesha, akauliza kama Wamarekani walikwenda angani kabla ya kujenga vyoo au baada. Watu wakacheka. Nikasema fedha za serikali zinazokwenda angani hazipotei: setilaiti ndizo zinazoona magugumaji yanaelekea wapi ziwani. Mwenyekiti, mzee Ndalahwa, akaacha kucheka. Nyavu zake zimenasa kwenye magugu hayo. Akaagiza Ijumaa niwaonyeshe huko juu kuna nini, ndipo waamue.

Jumatano, 9 Julai
Sina darubini. Nimeazima ya Padri Pius, anayoangalizia ndege. Aliuliza ya nini. Nikasema ya ndege. Kumdanganya padri!

Ijumaa, 11 Julai
Magharibi, anga safi, mwezi karibu nusu. Nilielekeza darubini Mirihi, nikampa shikamoo mzee Ndalahwa, akaitikia, akaweka jicho. Hapo upepo ukageuka. Wadudu wadogo wa ziwani, wanaozuka majini kwa mamilioni, wakatufunika kama moshi: masikioni, puani, kwenye lenzi.

“Mwalimu Kashindye,” mzee akasema kwa upole, “huko Mirihi kuna inzi wengi.”

“Basi na wao hawana choo,” Hellen akasema.

Kabla sijajibu tukasikia kilio. Rose wa darasa la pili, aliyekuja na mama yake, alikwenda kujisaidia nyuma ya madarasa, ukingo wa shimo la choo kile kilichotitia ukameguka. Tulimkuta amezama hadi kiunoni. Hellen alilala kifudifudi akamvuta. Mimi nilibaki nimeshika darubini.

Mtoto ni mzima. Kamati ilipiga kura palepale. Mikono yote ikanyooka kwa choo, na wangu. Nimeteuliwa kusimamia uchimbaji.

Jumamosi, 12 Julai
Sikulala. Kila nikifumba macho namwona Rose. Darubini nimeirudisha. Padri akauliza nimeona ndege gani. Nikasema korongo. Sijui kwa nini.

Jumatano, 16 Julai
Shimo limefika chini sana. Hellen amenisifu mbele ya walimu, nikaona haya. Nikashuka kulikagua, nikatazama juu: kiduara cha anga, cheusicheusi pembeni. Niliwahi kusikia kwamba ukiwa chini ya shimo refu, nyota unaziona mchana. Kesho nitamwomba mzee Ndalahwa aongeze fedha tuchimbe mara mbili ya hapa. Nitasema ni kwa ajili ya afya.